Zabuni, Hongo na Mkataba: Historia ya Istilahi za Kazi za Serikali Kaskazini mwa Ziwa Tanganyika

1.0 Utangulizi

Bijombo ni eneo la milimani katika wilaya ya Uvira, Kivu ya Kusini. Kiutawala ni kundi la vijiji, ambalo sheria za Kongo huliita groupement, ndani ya usultani wa Bavira. Sehemu kubwa ya mizigo ifikayo huko hupandishwa kwa miguu kutoka kando ya ziwa. Kwa hiyo, serikali iamuapo kujenga darasa au zahanati mahali kama hapo, swali la kwanza la mwenyeji ni nani atakayebeba saruji, kwa ujira gani, na nani atakayelipa ujira huo.

Jibu la swali hilo hupatikana katika daftari la masharti liambatanalo na mkataba wa ujenzi. Daftari hilo huandikwa kwa Kifaransa, na mikataba ya namna hiyo hutawaliwa na Sheria Na. 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010, nayo pia ilitungwa kwa Kifaransa. Makala haya yanachunguza historia ya maneno ambayo wasemaji wa Kiswahili wa kaskazini mwa Ziwa Tanganyika na majirani zao wameyatumia kutaja mapatano baina ya mwenye mamlaka na mwenye kutoa kazi au bidhaa. Hoja yake kuu ni kwamba Kiswahili hakikosi maneno ya jambo hili. Kilichopungua ni kuyapanga maneno hayo kwa maana zilizo wazi, na kuwafikishia wananchi sheria kwa lugha wanayoielewa.

2.0 Hongo katika njia ya misafara

Katika karne ya 19, Ujiji ulikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka Zanzibar na Bagamoyo. Kutoka hapo wafanyabiashara walivuka ziwa au kufuata mwambao wake hadi Uvira. Baadaye Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, aliuweka upande wa kaskazini wa ziwa chini ya nguvu zake. Kiswahili cha biashara kilifuata njia hizohizo.

Neno moja la misafara hiyo linastahili kuangaliwa kwa makini, nalo ni hongo. Leo hongo ni rushwa. Wakati ule lilikuwa jina la malipo ambayo msafara ulimpa mtemi ili upite katika nchi yake. Mwaka 1871, Stanley alipokuwa akielekea Ujiji, alilipa hongo ya nguo katika nchi ya Uha mara kadhaa, hata akaamua kupita sehemu ya mwisho usiku ili asidaiwe tena.

Hongo hiyo haikuwa ya siri. Iliombwa hadharani, ikajadiliwa, ikapokelewa mbele ya watu. Kasoro yake ni kwamba haikuwa na kiwango kilichojulikana kabla: kila mtemi alitaja chake, na mgeni hakuwa na mahali pa kukata rufaa. Utawala wa kikoloni ulipoondoa haki ya watemi ya kutoza njiani, neno lilibaki bila kitu chake halali, likahamia kwenye malipo ya kificho. Huko Kongo, pamoja na rushwa, neno lenye asili ya Kiarabu, limeenea pia neno matabishi, lililotokana na Kireno na kutumiwa kwa bahshishi. Maneno haya matatu hayalingani. La kwanza lilikuwa ushuru usio na kipimo, la pili ni kosa, na la tatu hujificha katika vazi la shukrani. Mwananchi asiyepewa mpaka baina yao hawezi kujua ni lini ameibiwa.

3.0 Mkataba wa 1887: mzigo una ratli ngapi?

Mfano mashuhuri wa mkataba mkubwa katika mashariki mwa Kongo ni ule uliofanywa Zanzibar mwezi Februari 1887 baina ya Stanley na Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip. Kwa makubaliano ya wakati huo, Tippu Tip alikubali kuwa wali wa Dola Huru ya Kongo katika Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Aidha, aliahidi kutoa wapagazi 600 kwa msafara wa kumwokoa Emin Pasha, msafara ambao sehemu ya fedha zake ilitoka katika serikali ya Misri.

Utekelezaji uliharibika. Wapagazi walicheleweshwa hadi Juni 1888, nao wakawa 400 hivi badala ya 600. Tippu Tip alidai kwamba Stanley ndiye aliyevunja mapatano kwanza, kwa kutotoa baruti iliyoahidiwa. Kisha ukazuka ugomvi wa uzito huko Yambuya: mizigo iliyokuwa imefungwa kwa kadiri ya ratli 60 ilikataliwa, ikabidi ifungwe upya kwa ratli 40. Mwishoni mwa 1889, Stanley alifungua madai dhidi ya Tippu Tip mjini Zanzibar, lakini madai hayo yaliachwa baadaye.

Kisa hiki kina mafunzo mawili. Kwanza, pande zote mbili zilikuwa na hati, lakini hati haikuzuia ugomvi kwa sababu mambo madogo, kama baruti na uzito, hayakufungwa barabara. Pili, wapagazi wenyewe, ambao mabega yao ndiyo yaliyokuwa kiini cha mkataba, hawakuwa upande katika mkataba huo. Mfuko mmoja wa saruji leo una kilo 50, karibu mara tatu ya ule mzigo wa ratli 40. Daftari la masharti lisilotaja gharama ya kuupandisha mfuko huo hadi Bijombo hurudia kosa la Yambuya, na hasara humwangukia yuleyule mbebaji.

4.0 Kutoka amri hadi sheria

Utawala wa Leopold II (1885–1908), na ule wa Ubelgiji uliofuata, ulitumia sana kazi za lazima: kubeba mizigo, kutengeneza barabara na, tangu 1917, kilimo cha lazima. Katika hali hiyo serikali ilijulikana kama mtoa amri. Dhana ya kwamba serikali nayo inaweza kufungwa na ahadi yake mbele ya mtu wa kawaida haikupata nafasi ya kukua. Salongo ya enzi ya Mobutu, katika miaka ya 1970, iliendeleza desturi ya kazi ya umma isiyo na mapatano wala malipo.

Sheria, hata hivyo, ilikuwapo. Amri-Sheria Na. 69-054 ya tarehe 5 Desemba 1969 ilihusu kandarasi za umma, nayo ilidumu zaidi ya miaka 40 hadi ilipofuatwa na sheria ya 2010. Sheria hii mpya imejengwa juu ya kanuni tatu: uhuru wa kila anayefaa kushiriki, usawa wa washindani, na uwazi wa taratibu. Imetenganisha pia kazi tatu. Kuandaa na kutoa kandarasi ni kazi ya taasisi inayohitaji huduma. Udhibiti umepewa idara kuu ya udhibiti wa kandarasi za umma. Na usimamizi wa mfumo mzima umepewa mamlaka inayojulikana kwa kifupi kama ARMP. Mshindani aliyedhulumiwa hulalamika kwanza kwa taasisi iliyotoa kandarasi, kisha kwa ARMP.

Kwa mujibu wa Katiba ya 2006, usultani ni mojawapo ya mamlaka za mitaa zenye madaraka yake, pamoja na mji, komuni na sekta. Kundi la vijiji halimo katika orodha hiyo. Kwa hiyo usultani wa Bavira unaweza kuwa mtoaji wa kandarasi, lakini Bijombo yenyewe haiwezi. Kandarasi ya Bijombo huamuliwa nje ya Bijombo, na kwa sababu hiyo lugha ya tangazo lake ina uzito mkubwa zaidi.

5.0 Kuchagua istilahi

Kifaransa husema marché public. Tafsiri ya neno kwa neno ingekuwa soko la umma, lakini kwa msikilizaji wa Uvira soko ni mahali pa kuuzia dagaa na mihogo. Afadhali kandarasi ya umma, ingawa kandarasi imetoka katika Kiingereza na Wakongo wamezoea kontra kutoka Kifaransa. Neno mkataba, lenye mzizi wa Kiarabu wa kuandika, linaeleweka pande zote za ziwa.

Zabuni linahitaji maelezo. Kwa asili ya Kiarabu lahusu mteja au mnunuzi, na katika Kiswahili cha zamani kuzabuni ni kutaja bei mnadani. Lakini katika mnada bei hupanda, na ashindaye ni atoaye fedha nyingi. Katika zabuni ya serikali mnunuzi ni serikali, basi bei hushuka: kwa kawaida hushinda bei ya chini miongoni mwa zabuni zilizotimiza masharti. Asiyeelezwa mgeuko huu anaweza kudhani kwamba tajiri atoaye zaidi ndiye mwenye haki ya kupewa kazi. Dhana hiyo ni jirani wa karibu wa rushwa.

Dhamana halina tatizo. Dhamana ya zabuni na dhamana ya utekelezaji hueleweka mara moja. Gré à gré laweza kuitwa mapatano bila ushindani, kwa kuwa jina hilo linatangaza lenyewe kwamba kanuni ya kawaida, yaani ushindani, imeachwa. Katika sheria ya 2010 njia hiyo ni ya nadra na huhitaji idhini.

6.0 Hitimisho

Tanzania imekuwa na sheria zake za ununuzi wa umma, zikiwemo za 2001, 2004, 2011 na 2023, na mwaka 2021 iliamua kwamba Kiswahili kiwe lugha ya sheria. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na inaweza kuazima istilahi zilizokwisha kujaribiwa huko. Hata bila mfano wa majirani, wajibu umekwisha kuandikwa: kifungu cha 142 cha Katiba kinaitaka serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na katika kila mojawapo ya lugha nne za taifa, ndani ya siku 60 tangu kutiwa saini. Kiswahili ni mojawapo ya hizo nne.

Kazi ya idara za lugha ni kuandaa maneno ili serikali isipate udhuru. Mbebaji wa saruji apandaye Bijombo ana haki ya kusikia, kwa lugha yake, kama ujira wake umo katika mkataba au haumo, kabla hajaukweza mfuko begani.