Shanga Nzito za Ndoana

Walimu wa madarasa, hakikisheni kila mwanafunzi ana daftari na kalamu, maana mwisho wa somo tutafanya hesabu kidogo.

Kwanza andikeni maneno manne ubaoni, na darasa lote liyasome kwa sauti: USHANGA. CHUBWI. RISASI. TUNGSTENI.

Ushanga mnaujua. Lakini ushanga wa leo si wa shingoni wala wa kiunoni. Ni ushanga mdogo wa madini, wenye tundu, unaovishwa kwenye ndoana. Chubwi ni kitu kizito kinachofungwa kwenye mshipi ili ndoana izame. Risasi ya leo si ya bunduki. Ni madini laini ya kijivu. Tungsteni ni madini mazito sana, na habari zake tutazisikia.

Sasa sikilizeni kisa. Nilitembelea darasa moja la jioni, nikakutana na mama mmoja aliyekuwa na miezi mitatu tu ya kusoma. Kazi yake ni kufunga nzi wa bandia: anazungusha nyuzi na manyoya juu ya ndoana ndogo mpaka inafanana na mdudu. Hulipwa kwa dazeni. Mnunuzi alimwagiza nzi wenye shanga za tungsteni. Mama akaenda dukani, akapata pakiti za bei nafuu, akafurahi. Akafunga dazeni kumi. Mnunuzi alipozipima alizirudisha zote, maana shanga zilikuwa za shaba ya manjano. Jina la madini lilikuwa limeandikwa kwenye pakiti, lakini mama hakuweza kulisoma.

Akaniuliza, “Mwalimu, shanga ni shanga. Kwa nini hizi ni rahisi na zile ni ghali?”

Swali lake ni zuri, na jibu lake ni historia.

Uvuvi wa nzi wa bandia ni wa zamani. Yapata mwaka 200 baada ya Kristo, mwandishi wa Roma aitwaye Aelian alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyovua samaki wa mtoni. Walizungushia ndoana sufu nyekundu, wakaongeza manyoya mawili ya jogoo. Samaki walidhani ni mdudu, wakameza.

Hapa kwetu Afrika Mashariki uvuvi huo ulikuja pamoja na samaki aitwaye trauti. Trauti si mwenyeji wa mito yetu. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliwaleta kutoka Scotland, wakatiwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare nchini Kenya. Siku hizi nzi wa bandia waliofungwa kwa mikono nchini Kenya huuzwa Ulaya na Marekani. Basi kazi ya yule mama ina soko la mbali.

Lakini sufu na manyoya yana taabu moja: ni mepesi. Trauti hula sehemu kubwa ya chakula chake chini ya maji, ambako wadudu wachanga hukaa kwenye mawe na majani. Nzi asiyezama hamfikii samaki huyo. Basi wavuvi walijiuliza: tutamtiaje nzi uzito bila kumharibu umbo?

Mtu mmoja aliyepata jibu zuri alikuwa Frank Sawyer, aliyezaliwa mwaka 1906 na kufariki mwaka 1980. Alikuwa mlinzi wa mto Avon, katika jimbo la Wiltshire, kusini mwa Uingereza. Kila siku alitazama maji na wadudu wake. Sawyer aliacha uzi kabisa. Alichukua waya mwembamba wa shaba nyekundu, akafungia nao manyoya ya mkia wa ndege aitwaye fezanti. Waya ule ulifanya kazi mbili: ulifunga, na ulizamisha. Mwaka 1958 alieleza ufundi wake katika kitabu. Waya wa namna hiyo hupatikana hata ndani ya mota ya umeme iliyokufa. Huo ndio unafuu wa kweli: kitu kimoja kufanya kazi ya viwili.

Wengine walifuata njia ya risasi. Risasi ni nzito, ni laini, na huyeyuka kwa moto wa digrii 327 tu. Ni rahisi kuinunua, na ni rahisi kuitengeneza. Wavuvi waliibana kwenye mishipi, wengine hata kwa meno, jambo la hatari. Ilipodondoka waliiacha pale pale, maana kipande kimoja kilikuwa na thamani gani?

Thamani yake ilijulikana baadaye. Katika mito ya Uingereza huishi bata maji, ndege mweupe mkubwa mwenye shingo ndefu. Bata maji, kama kuku wa nyumbani, hana meno. Humeza changarawe, nazo husaga chakula ndani ya firigisi. Ndege hawa walimeza punje za risasi pamoja na changarawe. Firigisi ikazisaga, sumu ikaingia katika damu. Shingo zao zikalegea, wakashindwa kula, wakafa. Katika mto Thames, na katika mto Avon unaopita mji wa Stratford, idadi yao ilipungua sana. Avon huu si ule wa Sawyer. Ni mto mwingine wenye jina lile lile.

Tangu tarehe 1 Januari 1987, serikali ya Uingereza ilipiga marufuku kuuza machubwi ya risasi yenye uzito kati ya gramu 0.06 na gramu 28.35. Baada ya hapo bata maji wakaanza kuongezeka tena. Basi chubwi la risasi halikuwa rahisi hata kidogo. Mvuvi alilipa senti, na bei iliyobaki ililipwa na ndege.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1980, njia nyingine ilienea Ulaya. Wafungaji walichukua ushanga wa shaba ya manjano, ile ya makufuli na bilula za maji, wakauvisha kwenye ndoana uwe kichwa cha mdudu. Roman Moser wa Austria ni mmoja wa wavuvi walioutangaza ufundi huo. Ushanga ulizamisha nzi, na tena uling'aa majini ukamvuta samaki. Kadhalika, kanuni za mashindano ya dunia haziruhusu chubwi kwenye mshipi. Uzito wote sharti uwe ndani ya nzi mwenyewe. Basi kila mshindani akatafuta ushanga mdogo zaidi na mzito zaidi.

Hapo ndipo ilipoingia tungsteni. Madini haya yalitenganishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1783, katika mji wa Bergara nchini Hispania, na ndugu wawili, Juan José na Fausto Elhuyar. Jina lake latoka katika lugha ya Kiswidi, na maana yake ni “jiwe zito”. Wengi wenu mmekwisha kuiona bila kuijua: ule waya mwembamba uliowaka ndani ya balbu za zamani ni tungsteni.

Kwa nini ni ghali? Sababu ya kwanza ni moto. Tungsteni huyeyuka kwa digrii zaidi ya 3,400. Huwezi kuiyeyusha jikoni na kuimimina kama risasi. Kiwandani huanza ikiwa unga, unga ukachanganywa na madini mengine kidogo, ukashindiliwa katika kalibu, kisha ukaokwa kwa moto mkali mpaka ukashikamana.

Sababu ya pili ni machimbo. Sehemu kubwa ya tungsteni ya dunia huchimbwa China. Mwezi wa Februari 2025 serikali ya China iliamuru kwamba haitatoka nchini bila kibali, na katika mwaka huo bei ilipanda sana. Tena jirani zetu wa Rwanda huchimba madini haya, kwa mfano katika machimbo ya Nyakabingo. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria iliyozitaka kampuni zieleze kama tungsteni yao yatoka Kongo au nchi za jirani, kwa hofu kwamba fedha za madini hununua silaha za vita. Basi ndani ya ushanga mdogo kuna jasho la mchimbaji, moto wa kiwanda, na amri za serikali.

Sasa daftari. Andikeni hesabu hii.

Sentimita moja ya ujazo ya shaba ya manjano ina uzito wa gramu 8.5 hivi. Ya risasi ni gramu 11.3. Ya tungsteni ni gramu 19.3, karibu sawa na dhahabu.

Tuchukue shanga za mviringo, tusihesabu tundu. Ushanga wa shaba wa milimita 3 una gramu 0.12. Wa tungsteni wa milimita 3 una gramu 0.27. Sasa tazameni: ushanga wa shaba wa milimita 4 una gramu 0.28. Yaani shaba ya milimita 4 ni karibu sawa kwa uzito na tungsteni ya milimita 3! Tofauti ni kwamba ushanga mkubwa husukumwa zaidi na maji, kwa hiyo huzama polepole. Kwa maji matulivu na ndoana kubwa, shaba yatosha, usitupe fedha. Kwa maji ya kasi, yenye kina, au kwa mdudu mdogo, lipa bei ya tungsteni.

Tena, gawanya bei kabla ya kununua. Tuseme pakiti ya shanga 20 ni shilingi 300, na pakiti ya shanga 100 ni shilingi 1,100. Katika ile ya kwanza ushanga mmoja ni shilingi 15. Katika ya pili ni shilingi 11. Lakini usinunue 100 kama kazi yako yataka 20. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Na ukitilia shaka, pima. Weka shanga 100 za pakiti mpya kwenye mizani ya sonara, kisha shanga 100 za shaba unayoijua, za ukubwa ule ule. Tungsteni itazidi maradufu. Ikiwa uzito ni mmoja, umeuziwa shaba.

Yule mama alizikata shanga zake kutoka ndoana za dazeni kumi, akazihifadhi kwa kazi ya maji matulivu. Nilipomwona tena alikuwa na pakiti mpya mkononi. Aliweka kidole chini ya neno, akalisoma herufi kwa herufi: T, U, N, G. Alipofika mwisho ndipo alipotoa fedha.

MASWALI

1. Kwa nini Sawyer alitumia waya badala ya uzi?
2. Bata maji walidhurikaje na risasi?
3. Taja sababu mbili zinazofanya tungsteni iwe ghali.
4. Pakiti ya shanga 25 ni shilingi 500. Pakiti ya shanga 50 ni shilingi 900. Ipi ni nafuu kwa ushanga mmoja, na kwa shilingi ngapi?
5. Taja kitu kimoja kinachouzwa rahisi kijijini kwenu. Nani hulipa bei iliyobaki?

Swali la tano lijadilini pamoja darasani. Kwa herini, ndugu zangu, mpaka juma lijalo.