Ziwa Mweru: Maji, Maradhi na Joto la Dunia



Msafiri atokaye Nchelenge, katika Jimbo la Luapula nchini Zambia, akafuata ufuko wa Ziwa Mweru kuelekea kaskazini, hufika Chienge, nchi ya Wabwile wa Chifu Puta. Upande wa Kongo wa ziwa hilo iko miji ya Pweto na Kilwa, ambako Kiswahili cha Katanga husikika sokoni kila siku. David Livingstone aliliona ziwa hilo mnamo Novemba 1867, na alipofika kwa Mwata Kazembe alikuta wafanyabiashara wa kutoka pwani yetu wamekwisha kumtangulia. Si nchi ya mbali nasi, basi, kama ramani inavyotaka tuamini.

Tunaitaja Chienge leo kwa sababu katika mjadala unaoendelea duniani kuhusu kupanda kwa joto na madhara yake kwa afya ya binadamu, watu wa ufuko ule hutajwa kama watu ambao mazingira yanaanza tu kuwageuka. Historia yasema vingine. Kwa zaidi ya miaka mia moja wananchi wale wamekuwa wakilipa madeni ya maradhi na ya maji ambayo hawakuyakopa.

Tuanze na malale. Ugonjwa huo uliua watu wasiopungua laki mbili kandokando ya Ziwa Victoria mwanzoni mwa karne ya ishirini. Mnamo 1906 na miaka iliyofuata, hofu yake ilifika Mweru na Luapula. Haukuja kwa miguu yake wenyewe. Ulifuata njia za wapagazi, askari na vibarua, yaani njia zile zile ambazo ukoloni ulizipanua kwa haja zake. Nzi aenezaye malale ya aina hiyo hukaa kwenye kivuli cha miti iliyo ukingoni mwa maji, pale pale ambapo watu huteka maji, huegesha mitumbwi na huanika samaki.

Nchi ile wakati huo ilikuwa ikitawaliwa na Kampuni ya Uingereza ya Afrika Kusini. Dawa ya Kampuni ilikuwa amri. Watu wa ufukoni na wa bonde la Luapula waliamriwa kuvihama vijiji vyao na kwenda kukaa mbali na maji. Uvuvi ulizuiwa, na mitumbwi, ambayo ndiyo jembe la mvuvi, ikapigwa marufuku. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920 ndipo hali ilipoanza kurudi kama zamani. Hebu tufikiri maana yake: mtoto aliyezaliwa mwaka wa kuhamishwa alikuwa kijana wa kutosha kushika kasia kabla hajaruhusiwa kulishika. Mtaalamu wa historia wa Zambia, Mwelwa Musambachime, ameandika kwa kirefu juu ya miaka hiyo ya 1906 hadi 1922, na maandishi yake yaonyesha wazi kwamba hasara ya amri haikuwa ndogo kando ya hasara ya ugonjwa. Watawala walijua nzi anakaa wapi. Hawakujali sana mtu anakula nini.

Mashariki ya Chienge kuna ziwa jingine, Mweru Wantipa, lenye tabia ya pekee: mvua zikiwa nyingi hujaa, na zikipungua maji hurudi nyuma yakaacha mbuga pana za nyasi. Katika mbuga za namna hiyo, hapo Wantipa na katika bonde letu la Rukwa, ndiko walikozaliwa nzige wekundu walioanza kuruka yapata mwaka 1930 na ambao hadi 1944 walikuwa wameila sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini ya Ikweta. Mwaka 1949 nchi kadhaa zilianzisha shirika la kupambana nao, makao yake yakiwa Abercorn, mji ambao sasa waitwa Mbala. Somo la nzige hao ni rahisi: mita moja au mbili za maji kupanda au kushuka katika ziwa dogo lisilojulikana zaweza kuamua mkulima wa nchi ya mbali atavuna nini.

Kisha lilikuja soko. Migodi ya shaba ya Katanga ilihitaji chakula cha vibarua wake, na wafanyabiashara wa Kigiriki walijenga biashara kubwa ya samaki huko Kasenga, kando ya Luapula. Samaki aliyetakiwa zaidi aliitwa mpumbu. Mpumbu hupanda mto kwa makundi wakati wa mafuriko ili kutaga mayai, naye alingojewa kwa nyavu njiani. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 alikuwa karibu kutoweka. Tunalisema hili kwa makusudi, maana siku hizi yapo mazoea ya kutwika joto la dunia kila upungufu wa samaki. Mpumbu hakuuawa na joto. Aliuawa na nyavu na bei.

Lakini je, joto lenyewe? Mswidi Svante Arrhenius alikwisha kupiga hesabu mwaka 1896 kwamba hewa ya ukaa ikizidi angani, dunia itapata joto zaidi. Mwaka 1958, vipimo vya mfululizo vilipoanza huko Hawaii, hewa hiyo ilikuwa sehemu 315 katika kila milioni. Leo imepita 420. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limetangaza kwamba mwaka 2024 ulikuwa na joto lililozidi lile la kabla ya enzi ya viwanda kwa nyuzi zaidi ya 1.5. Bara zima la Afrika hutoa chini ya asilimia 4 ya hewa hiyo.

Katika Ziwa Tanganyika madhara yamekwisha kupimwa. Ziwa hilo lina kina cha karibu mita 1,470; maji ya juu yakipata joto huelea juu ya yale ya baridi, upepo ukashindwa kuyachanganya, na rutuba iliyo chini ikabaki chini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba kwa sababu hiyo uzalishaji wa ziwa ulikuwa umeshuka kwa kiasi cha asilimia 20. Mweru ni jambo jingine. Kina chake kwa wastani hakifiki mita 10, na upepo hulikoroga hadi chini. Wataalamu waliochunguza uvuvi wake wameona kwamba wingi wa samaki hutegemea sana kupanda na kushuka kwa maji. Hivyo hatari ya Mweru iko katika mvua: ije lini, kiasi gani, na kwa ghafla gani. Chisense, dagaa wadogo ambao sasa ndio kitoweo cha maskini na mali ya wanawake wengi wa ufukoni, huanikwa mchangani juani. Mvua isiyotarajiwa ya alasiri moja yatosha kuoza kazi ya usiku kucha.

Juu ya malaria inafaa tuseme kwa uangalifu. Yapo maeneo ya juu, mathalani milima ya Kenya, ambako joto likizidi mbu na vimelea hupata makao mapya. Nchelenge na Chienge haziko hivyo. Ziko kwenye mwinuko wa mita 900 na kidogo, na joto lao limekuwa likiifaa malaria tangu zamani. Nchelenge ni miongoni mwa wilaya zenye malaria nyingi kabisa nchini Zambia, na watafiti waliopiga kambi huko wamekuta kwamba mbu mkuu ni yule apendaye maji ya kudumu yenye majani, yaani vinamasi vya ziwa lenyewe. Kupuliza dawa majumbani kumesaidia kwa kiasi kidogo tu. Anayedai kwamba joto limeleta malaria Nchelenge hajui Nchelenge; lakini maji yakitanda zaidi, makao ya mbu nayo yatatanda.

Kipindupindu ndicho kinachotisha upesi. Mwaka 2023 Chienge, Nchelenge na Mwansabombwe zilikuwa katika orodha ya wilaya zilizopatwa. Mwishoni mwa mwaka huo na mapema 2024 ugonjwa ukaitikisa Zambia yote, na zaidi ya watu 700 wakafa. Miezi hiyo hiyo ukame uliteketeza mahindi ya kusini, serikali ikatangaza maafa ya taifa Februari 2024. Kusini walikosa maji. Kwenye kambi za wavuvi za kaskazini, maji yapo tele na ndiyo yenye hatari. Ufuko ni mchanga. Choo kikichimbwa hufikia maji upesi, na mafuriko yakija, kilichomo chooni na kinachotekwa kwa ndoo huwa kitu kimoja.

Mkutano wa Sharm el-Sheikh wa 2022 ulikubali kuwepo kwa mfuko wa kufidia hasara za namna hii, na huko Dubai, mwaka uliofuata, nchi tajiri ziliahidi dola milioni 700 hivi kwa ulimwengu mzima unaoendelea. Mvuvi wa Puta kwa upande wake hufunga nyavu zake kwa amri ya sheria tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki wazaliane. Miezi hiyo ya kufunga ndiyo miezi ya mvua kubwa, ya mbu, na ya kipindupindu, na katika miezi hiyo mvuvi hana fedha ya dawa.