Ibn Tumart, Mahdi wa milima ya Atlas

Muhammad ibn Tumart alizaliwa karibu na mwaka 1080 katika kijiji cha Igiliz, eneo la Sus, kusini mwa Moroko ya leo. Watu wake walikuwa Wahargha, tawi la Wamasmuda, Waberberi wa milimani. Nchi ilikuwa mikononi mwa Wamurabituni, Waberberi wengine kutoka jangwa la Sahara, ambao nao walishika utawala kwa jina la kuusafisha Uislamu. Mwalimu wao Abdallah ibn Yasin alianza mahubiri yake katika miaka ya 1040. Wafuasi wake wakajenga Marrakesh karibu na mwaka 1070, kisha wakavuka bahari na kuitawala Andalusia. Alipoibuka Ibn Tumart, vita vikawa kati ya warekebishaji wa jana na mrekebishaji wa leo.

Mnamo mwaka 1106 hivi aliondoka kwao kwenda kutafuta elimu. Alipita Cordoba, akaelekea mashariki hadi Iskandaria, Makka na Baghdad. Wafuasi wake walisimulia kwamba huko alisoma kwa Imamu al-Ghazali, na kwamba alipomweleza jinsi Wamurabituni walivyokichoma hadharani kitabu chake cha Ihya mjini Cordoba mwaka 1109, imamu aliwaombea maangamizi. Wanahistoria wengi hawaikubali habari hiyo, maana al-Ghazali alikuwa ameshaacha kufundisha Baghdad tangu mwaka 1095. Hata hivyo, elimu ya akida ya Ashaari aliyorudi nayo Ibn Tumart ilikuwa ya kweli, na ndiyo iliyomtenganisha na maulamaa wa kwao.

Safari ya kurudi ilijaa ugomvi. Kila alipofika aliamrisha mema na kukataza maovu, na hakuishia kwenye maneno: alivunja mitungi ya mvinyo na vyombo vya muziki, akawatawanya kwa fimbo wanaume na wanawake waliochanganyika. Bijaya, katika Algeria ya leo, mtawala alikasirika naye akalazimika kuhamia kitongoji cha Mallala. Hapo ndipo alipokutana na kijana aitwaye Abd al-Mu'min ibn Ali, mtoto wa mfinyanzi kutoka upande wa Tlemcen, aliyekuwa njiani kwenda kusoma mashariki. Kijana aliahirisha safari yake na hakumwacha tena mwalimu huyo.

Walifika Marrakesh mwaka 1120. Inasimuliwa kwamba Ibn Tumart alikutana barabarani na dada yake mtawala wa Wamurabituni, Ali ibn Yusuf, akiwa hana shela, pamoja na wajakazi wake. Akawakemea na kuwapiga wanyama waliowapanda, hata binti mfalme akaanguka. Kwa Wamurabituni wanaume ndio waliofunika nyuso, na desturi hiyo ya jangwani aliiona kuwa fedheha. Mtawala, aliyekuwa mtu wa ibada, hakumwadhibu papo hapo. Aliwaita wanazuoni wajadiliane naye. Ibn Tumart aliwashinda kwa hoja. Mmoja wao, Malik ibn Wuhayb, akashauri afungwe gerezani kabla hajawa hatari. Ali alitosheka kumfukuza mjini, na huruma hiyo iligharimu dola yake.

Shutuma zake zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kwamba mafakihi wa Kimaliki walishikilia vitabu vya matawi ya sheria wakaiacha Kurani na Hadithi zenyewe. Ya pili ilikuwa nzito zaidi: kwamba kwa kuzichukua kwa maana ya wazi aya zinazotaja mkono au uso wa Mungu, walimfanya Mwenyezi Mungu awe na mwili, jambo ambalo kwake lilikuwa shirki. Yeye alifundisha tauhidi isiyokubali mfano wowote, na wafuasi wake wakajiita Muwahhiduni, watu wa tauhidi. Lakini kumwita mtawala Mwislamu mshirikina ni kuhalalisha damu yake, na Ibn Tumart alilijua hilo.

Mwaka 1121, akiwa amerejea Igiliz, alitangazwa kuwa Mahdi, imamu maasumu (asiyekosea) wa ukoo wa Mtume. Karibu na mwaka 1124 alihamia Tinmel, katika bonde la mto Nfis, takriban kilomita 100 kutoka Marrakesh, mahali ambapo njia zake nyembamba zililizuia jeshi lolote la farasi.

Huko ndiko kipaji chake kilikoonekana. Aliwahubiria watu kwa Kiberberi na kuwaandikia mafundisho ya imani kwa lugha hiyo, jambo ambalo wanazuoni wa mjini hawakulifanya. Kwa wale walioshindwa kabisa kutamka Kiarabu, inasimuliwa kwamba aliwaketisha kwa mstari na kumpa kila mmoja jina: wa kwanza neno la kwanza la Suratul Fatiha, wa pili neno la pili, na kuendelea. Kisha kila mtu alitaja jina lake kwa zamu, na sura ikakamilika. Utawala nao aliujenga juu ya mila zao. Baraza la Kumi lilikuwa la masahaba wake wa karibu, baraza la Hamsini likawakilisha makabila, na kila kabila, kuanzia Wahargha hadi Wahintata, lilijua nafasi yake vitani na kwenye gwaride.

Upande wa pili wa mpango huo ulikuwa wa kutisha. Muda mfupi kabla ya kushambulia Marrakesh, mmoja wa wale Kumi, al-Bashir, aliwachambua watu wa makabila akidai kufunuliwa nani mwaminifu na nani mnafiki. Walioitwa wanafiki waliuawa, mara nyingine kwa mikono ya ndugu zao. Hakuna sifa ya elimu inayoweza kuifuta dhambi hiyo.

Mwaka 1130 jeshi la Muwahhiduni liliuzingira mji mkuu, likavunjwa vibaya katika pambano la al-Buhayra. Al-Bashir mwenyewe alipotea humo. Ibn Tumart alifariki miezi michache baadaye, na kifo chake kikafichwa kwa takriban miaka mitatu mpaka Abd al-Mu'min alipothibitika kuwa khalifa. Mtoto huyo wa mfinyanzi aliiteka Marrakesh mwaka 1147, na kufikia mwaka 1160 alitawala hadi Tunisia.

Dola ya Muwahhiduni ndiyo iliyojenga mnara wa Kutubiyya, na ndiyo aliyoitumikia mwanafalsafa Ibn Rushd. Ilipigwa na Wakristo wa Hispania kwenye vita vya al-Uqab mwaka 1212, na khalifa al-Ma'mun, aliyeshika utawala mwishoni mwa miaka ya 1220, akakana hadharani kwamba Ibn Tumart alikuwa Mahdi maasumu. Nasaba ya Wamarini iliichukua Marrakesh mwaka 1269. Madhehebu ya Maliki aliyoyashambulia Ibn Tumart yalirudi na ndiyo ya Moroko hadi leo, ila akida inayofundishwa nchini humo ni ya Ashaari, ile ile aliyokuja nayo kutoka mashariki.