Shokapu za mafuta au za gesi?

Ukienda kununua shokapu za shangingi lako, utaulizwa: za mafuta au za gesi? Wengi wetu hujibu kwa kuangalia bei. Kumbe swali hilo lina historia, wadau.

Springi ndiyo inayobeba gari. Shokapu huizuia isiendelee kudunda. Ndani yake pistoni husukuma mafuta kupitia matundu madogo, na nguvu ya mdundo hugeuka joto. Tatizo ni kwamba mafuta yakichanganyika na hewa hutoa povu, shokapu ikalegea. Mwaka 1953 Mfaransa Christian Bourcier de Carbon alileta dawa: bomba moja, gesi yenye mgandamizo mkubwa, na pistoni ya pili inayoitenga na mafuta. Mwaka 1957 Mercedes-Benz wakaanza kuzifunga kiwandani, zikitengenezwa na Bilstein.

Baadaye zile za mabomba mawili nazo zikatiwa gesi, ya mgandamizo mdogo. Kwa gari linaloishi kwenye lami, hizo zinatosha. Za bomba moja mwachie anayekimbiza gari kwenye barabara mbovu kwa masaa. Ila badili jozi, usibadili moja: tairi inayodunda haishiki barabara, na hapo hata breki mpya hazikuokoi.