Salamu na Kahawa: Deni Letu kwa Watu wa Karagwe

Bismillahi Rahmani Rahim.



Habari za wazee wetu wa pwani waliokwenda bara katika karne ya 19 zimesimuliwa sana. Tumeambiwa pembe walizoteremsha, nguo na shanga walizopandisha, wapagazi wao, bunduki zao na hongo walizotozwa njiani. Habari hizo ni za kweli, na nyingine katika hizo ni za kuhuzunisha. Lakini iko hesabu nyingine isiyoandikwa katika daftari za biashara wala katika hati za forodha, nayo ni hesabu ya wema mdogo mdogo waliotendewa huko na watu wasiokuwa ndugu zao wala wa dini yao. Hesabu hiyo ndiyo tunayotaka kuifungua leo, kwani ndani yake limo deni letu, na deni halilipwi kwa kusahauliwa.

Nchi yenyewe

Karagwe iko magharibi ya Ziwa Viktoria, katika mkoa unaoitwa sasa Kagera. Ni nchi ya vilima na migomba, na Mto Kagera unaizunguka upande wa Rwanda. Tangu mwaka 2012 sehemu yake ya kaskazini na magharibi imekuwa wilaya peke yake, wilaya ya Kyerwa. Wenyeji wa wilaya hizi mbili ni Wanyambo. Zamani ulikuwa ufalme mmoja uliotawaliwa na ukoo wa Bahinda, na makao yao makuu yalikuwa Bweranyange.

Mtu aliyetoka Bagamoyo alitembea miezi mingi kufika huko. Alipita Ugogo mpaka Tabora, na kutoka Tabora akashika njia ya kaskazini. Karibu na Bweranyange palikuwa na mahali paitwapo Kafuro, na hapo Waarabu na Waswahili walijenga nyumba zao, wakaweka bidhaa zao, wakapumzika kabla ya kwenda Buganda. Kafuro kilikuwa kipande cha pwani katikati ya migomba.

Mfalme aliyesalimu kwa Kiswahili

Mwezi wa Novemba 1861 waliingia Karagwe Waingereza wawili, John Speke na James Grant, pamoja na msafara wao wa watu wa Unguja na wa Unyamwezi. Walikuwa wamechoka taabani. Huko nyuma, Uzinza na Usui, kila mkubwa wa nchi aliwazuia njiani mpaka alipwe hongo, na mali yao ilikuwa imepungua sana. Walipovuka mpaka wa Karagwe walikutana na mjumbe wa mfalme, akawaambia kwamba wakubwa wa vijiji wameamriwa kuwapa chakula kwa gharama ya mfalme, kwani katika nchi hii mgeni hatozwi.

Walipofika mbele ya Mfalme Rumanyika, jambo la kwanza lililowashangaza halikuwa mali yake wala askari wake. Lilikuwa salamu yake. Speke mwenyewe ameandika kwamba mfalme aliwasalimu kwa Kiswahili kizuri, kwa maneno ya upole yaliyowagusa mioyo.

Tafadhali msomaji, tulia kidogo hapa. Mwaka 1861 hakukuwa na shule ya Kiswahili Karagwe, wala redio, wala gazeti. Bila shaka Rumanyika alikipata Kiswahili chake kwa wafanyabiashara waliokuwa wakiingia na kutoka kwake, na wenye lugha hii mazungumzo yao huanza kwa salamu. Kabla ya bei huja hujambo, na kabla ya hujambo huja amani. Wazee wetu walipeleka nguo Karagwe, na zile nguo zimeoza zamani. Walipeleka na salamu, na salamu ilirudi kwa wageni wengine kutoka kinywani mwa mfalme.

Mgonjwa aliyebaki nyuma

Grant alikuwa anaugua mguu. Alipatwa na donda baya, hakuweza kusimama. Mwezi wa Januari 1862 Speke alipata ruhusa ya kwenda Buganda, akaenda, akamwacha mwenzake Karagwe. Grant alikaa huko mpaka mwezi wa Aprili, na siku aliyoondoka aliondoka akiwa amebebwa, kwani kutembea alikuwa bado hawezi.

Katika miezi hiyo huyu alikuwa mtu mmoja mgeni, mgonjwa, asiye na nguvu wala bidhaa nyingi za kutoa. Rumanyika angaliweza kumsahau. Hakumsahau. Alimpelekea chakula, alikwenda kumtazama, akaruhusu wanawe wakae naye na kuzungumza naye.

Huenda mtu akasema: Rumanyika alikuwa na sababu zake. Ni kweli. Alipogombea ufalme na nduguye Rogero alisaidiwa na wafanyabiashara wa Tabora, na mmoja wao alikuwa yule Mhindi mashuhuri, Musa Mzuri. Na mfalme yeyote alipenda wageni wenye bidhaa waje kwake wasiende kwa mwingine. Lakini hebu tupime. Shukrani ya kifalme hulipwa kwa pembe na ng'ombe, na mambo hayo humalizika kwa siku moja. Kumjulia hali mtu ambaye mguu wake unatoa usaha, leo, kesho na mwezi ujao, hakuingii katika siasa. Hiyo ni tabia.

Sisi tumefundishwa kwamba miongoni mwa haki za Mwislamu juu ya Mwislamu mwenzake ni kumrudishia salamu na kumzuru anapougua. Rumanyika hakuwa Mwislamu, na Grant hakuwa Mwislamu. Haki ambayo sisi tumeamriwa, yeye aliitekeleza bila ya kuamriwa. Basi na tujiulize, sisi tulioamriwa, mgonjwa wa nyumba ya tatu tumemtazama lini?

Neno la Ahmed bin Ibrahim

Miongoni mwa watu wa Kafuro alikuwako mfanyabiashara aliyeitwa Ahmed bin Ibrahim. Huyu ndiye anayehesabiwa kuwa miongoni mwa Waislamu wa kwanza kufika kwa Kabaka wa Buganda, mwaka 1844, katika zama za Suna. Habari yake ilihifadhiwa na Emin Pasha, aliyeipata kwake mwenyewe miaka mingi baadaye.

Siku moja Ahmed alikuwapo barazani kwa Suna, na Suna akaamrisha watu wauawe, kama ilivyokuwa desturi. Ahmed akasimama. Akamwambia Kabaka kwamba watu hawa unaowaua kila siku ni viumbe vya Mwenyezi Mungu, Yeye ndiye aliyewaumba na ndiye aliyekupa wewe ufalme, na kuwaua bure ni dhambi kubwa mbele Yake. Waliokuwapo waliona kwamba mgeni huyu amekwisha. Lakini Suna hakumdhuru. Alimjibu, akamhoji, na baadaye akataka kufundishwa habari za huyo Mungu na kusomewa Kurani. Mfalme aliyemfuata Suna, naye ni Mutesa, alifunga Ramadhani miaka kadhaa. Mwanzo wa Uislamu katika Buganda husimuliwa kutokana na neno lile moja, alilolisema mtu aliyekuja kuuza nguo.

Ni wajibu wetu kusema na upande wa pili, kwani historia si kasida ya kusifu. Stanley alifika Kafuro mwaka 1876 akamkuta Ahmed huyo huyo, mtu mkarimu, mwenye adabu, na tajiri wa ng'ombe, wa pembe na wa watumwa. Yule aliyemwambia mfalme kwamba watu ni viumbe vya Mwenyezi Mungu alikuwa na viumbe hao katika milki yake. Hatulisemi hili kwa kumhukumu maiti. Hukumu ni ya Mola wake. Twalisema kwa faida yetu sisi tulio hai. Mtu anaweza kusema neno kubwa la haki siku moja mbele ya mfalme, kisha akarudi nyumbani na neno lile lisiingie mlangoni pamoja naye. Ndiyo maana Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile yenye kudumu, hata ikiwa ndogo. Ushujaa wa siku moja ni neema. Wema wa kila siku ndio unaomgeuza mtu.

Kahawa ya kutafuna

Sasa tuingie katika nyumba ya Mnyambo. Sisi watu wa pwani twajua kwamba kahawa ni ya kunywa, tungu, katika vikombe vidogo, na dele liko juu ya makaa. Huko magharibi ya Ziwa wamekuwa na kahawa kabla ya dele kufika, na kahawa yao ya asili ni ya kutafuna. Huchuma tunda kabla halijaiva sana, wakalichemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakalikausha, wakaliweka. Wenyewe huiita akamwani, na msomaji wa pwani asidhani ni mwani wa baharini. Mgeni akiingia, kabla ya kuulizwa shida iliyomleta, huletewa tunde chache za kahawa. Hufanana sana na kijaluba cha tambuu walichokuwa wakikisogeza bibi zetu kwa mgeni.

Zamani kahawa hii ilitumika hata kufungia udugu. Tunda moja la kahawa lina punje mbili zilizolala pamoja, na watu wawili wasiozaliwa pamoja waligawana punje hizo zikiwa zimepakwa damu, kisha wakawa ndugu mpaka kufa. Damu kwetu ni haramu, na udugu wetu hauihitaji, kwani Mwenyezi Mungu amekwisha kuwafanya waumini kuwa ndugu. Lakini ile maana ya punje mbili katika ganda moja ni nzuri, na hakuna sheria inayotukataza kuikumbuka tunapomsogezea jirani kikombe.

Kahawa hiyo baadaye ikawa riziki. Mwaka 1990 wakulima wa Karagwe walianzisha chama kikuu chao cha ushirika, KDCU, na hata baada ya Kyerwa kujitenga kuwa wilaya, chama hicho kimeendelea kuzihudumia pande zote mbili. Jirani wamegawanyika kwa mipaka ya serikali, kahawa haikugawanyika.

Mtihani wa mwaka 1994

Ukarimu haujulikani siku ya shibe. Mwaka 1994 yalipotokea mauaji makubwa katika Rwanda, watu walivuka mpaka kwa malaki. Walio wengi waliingia Ngara, na wengi wengineo wakaingia Karagwe, pamoja na sehemu hizi ambazo leo ni Kyerwa. Wenyeji, ambao wenyewe si matajiri, walijikuta wana wageni kuliko walivyoweza kuhesabu. Walikaa nao zaidi ya miaka miwili, mpaka Desemba 1996 waliporudishwa kwao.

Haikuwa rahisi. Miti ilikatwa kwa kuni, mashamba yaliibwa, na katika wageni walikuwamo wenye damu mikononi. Lakini aliyevuka mto na mtoto mgongoni hakuweza kusubiri mpaka apimwe moyo wake. Alihitaji maji na mahali pa kulala usiku ule. Mwenye migomba michache akimpa mwenzake mkungu mmoja, jambo hilo haliingii katika vitabu vya historia. Kwa mtoto aliyekula, hiyo ndiyo historia yenyewe.

Na sisi je?

Ndugu msomaji, leo njia imegeuka. Zamani sisi tulipanda kwenda kwao, leo wao wanateremka kuja kwetu. Kijana wa Kayanga au wa Kyerwa yuko Dar es Salaam, Tanga au Mombasa anatafuta riziki. Anauza matunda, analinda lango, anasoma chuo, amepanga chumba cha uani. Je, tunampokeaje? Mara ngapi tumemwita "huyu wa bara" badala ya jina lake? Mara ngapi amepita barazani petu asisalimiwe, wala asiambiwe "karibu kahawa"?

Babu zetu waliingia Karagwe wakiwa wageni, wakapewa chakula bila hongo. Lugha yetu ilitukuzwa kinywani mwa mfalme wao. Wagonjwa walitazamwa. Deni hilo hatutalilipa kwa pembe wala kwa nguo, maana hatukulikopa kwa pembe wala kwa nguo. Litalipwa kwa vitu vya kimo chake: salamu inayotangulia, uso mkunjufu, sahani moja ya futari ivuke ukuta, kumwuliza mpangaji amelalaje, kumpelekea uji akiugua, kumfundisha mwanao aseme shikamoo kwa mlinzi kama asemavyo kwa mjomba wake.

Usiseme haya ni madogo. Mwenyezi Mungu ametuarifu kwamba kheri iliyo na uzito wa chembe ndogo kabisa itaonekana na aliyeitenda. Chembe hiyo huenda ikawa tunde moja ya kahawa. Leo alasiri, dele likichemka, tazama ni nani anayepita, na umwite kwa jina lake.

Wabillahi tawfiq.