Ndigana Kali na Ghala la Vijidudu vya Muguga



Leo tutazungumza habari za ghala. Si ghala la mahindi wala la ufuta, bali ni ghala la ugonjwa. Humo ndani vimewekwa vijidudu vya ndigana kali, ni vizima kabisa ila vimelala kwa baridi, na watu wanalipwa mshahara kuvitunza visife. Nilipolisimulia jambo hili kijijini Msangano mzee mmoja aliniuliza, "Mwanangu, hao watu wana akili timamu? Ugonjwa unatumalizia ndama, wao wanauwekea akiba?" Swali lake ni zuri, na kulijibu itabidi turudi nyuma zaidi ya miaka mia.

Ndigana kali unaijua. Ndama alikuwa mzima, mara tezi ya chini ya sikio inavimba, homa inapanda, anaacha kunyonya, anahema kwa shida, na mwisho povu linatoka puani. Hapo hata ukikimbilia dawa mara nyingi umeshachelewa. Mwaka 1897 yule daktari mashuhuri wa Kijerumani, Robert Koch, alikuwa Dar es Salaam. Akatazama damu ya ng'ombe wa pwani kwa hadubini, akaona vijidudu vidogo sana. Lakini alikosea. Alidhani ni hatua mojawapo tu ya ugonjwa mwingine wa kupe, ule wa kukojoa damu. Basi hata mtaalamu mkubwa huweza kukosea, nasi mabwana shamba tusione haya tukiulizwa jambo tukakwama.

Miaka hiyo ya 1890 sotoka ilikuwa imefyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki na Kusini. Walowezi wa Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, wakaagiza ng'ombe wengine kutoka pwani yetu, wakapelekwa kwa meli mpaka Beira. Kufika mwaka 1902 ng'ombe wa huko walikuwa wanakufa ovyo. Ndiyo maana Wazungu waliuita ugonjwa huu homa ya pwani ya mashariki, yaani pwani yetu sisi. Koch akaitwa tena mwaka 1903, akaweka kambi Bulawayo. Akajaribu kuwachoma ng'ombe damu ya wenzao waliopona, tena na tena. Haikufaa.

Kwa nini haikufaa? Jibu lilikuwa kwenye kupe. Huko Afrika Kusini Charles Lounsbury alionyesha kwamba mwenezi mkuu ni kupe wa kahawia anayependa kukaa masikioni. Naye Arnold Theiler alithibitisha kwamba huu ni ugonjwa wa peke yake, na kijidudu kikapewa jina la kutokana na lake: Theileria. Kupe mchanga akinyonya ng'ombe mwenye ugonjwa huanguka chini, hujibadili ngozi, kisha hupanda ng'ombe mwingine na kumwambukiza. Hata hivyo hamwambukizi papo hapo. Sharti anyonye siku tatu nne hivi, ndipo vijidudu vinakomaa katika mate yake. Ndiyo sababu ya bwana mifugo kukusumbua uogeshe kila wiki bila kuruka: kupe afe kabla mate yake hayajaiva.

Kwa hiyo kwa miaka mingi silaha ilikuwa josho. Afrika Kusini waliogesha, wakazuia mifugo kuhama, wakachinja makundi mazima, na kufikia katikati ya miaka ya 1950 ugonjwa ulikwisha kwao. Sisi huku hatukuweza. Kupe ni wengi, nyati wapo, na josho linahitaji maji, dawa na kamati isiyogombana. Sina haja ya kukueleza habari za kamati za josho.

Sasa twende Muguga. Muguga ni mahali karibu na Nairobi, na hapo ndipo lilipokuwa shirika la utafiti wa mifugo la Afrika Mashariki nzima. Lilikuwa la kwetu pia, Watanzania na Waganda, siyo la Kenya peke yake. Hapo ndipo Walter Plowright alipotengeneza ile chanjo ya sotoka iliyosaidia sana mpaka dunia ikatangazwa kuwa haina sotoka mwaka 2011. Lakini ndigana ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu kijidudu chake hakikubali kudhoofishwa kirahisi. Wataalamu wakashika njia nyingine. Tangu mwaka 1953 mtaalamu Neitz alikwisha onyesha kwamba ng'ombe akipewa dawa ya jamii ya tetrasaiklini mapema, wakati ule ule anapoambukizwa, ugonjwa unakuja kidogo tu, anapona, na hapo anakuwa na kinga. Wazo likawa hili: tumwambukize ndama sisi wenyewe, kwa kipimo, na saa hiyo hiyo tumchome dawa.

Je, kipimo utakipataje, ikiwa kijidudu kinakaa ndani ya mate ya kupe? Hapa ndipo ghala linapoingia. Mnamo miaka ya 1960 na 1970, katika mradi uliosaidiwa na Umoja wa Mataifa, wataalamu wa Muguga walifuga kupe, wakawalisha kwenye ng'ombe wagonjwa, kisha wakawasaga. Ule mchuzi wa kupe wakauchuja, wakautia gliserini ili baridi isipasue vijidudu, wakaugandisha. Siku hizi unakaa kwenye mitungi ya naitrojeni ya maji, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Kijidudu hapo hakili, hakikui, hakizeeki. Ukikiyeyusha baada ya miaka, kinaamka na ukali wake ule ule.

Mbegu walizochanganya ni tatu. Moja ya Muguga penyewe, ya pili ya Kiambu, na ya tatu asili yake ni nyati wa Serengeti. Zote ni za lazima, maana ng'ombe aliyekingwa na aina moja aliweza kuuawa na nyingine. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, ndege na mabehewa vikagombewa. Lakini ile mbegu haikupotea. Kutokana nayo dozi kama laki sita zilitengenezwa mwaka 1996, na zilipokaribia kwisha, taasisi ya kimataifa ya mifugo ya ILRI huko Nairobi ikatengeneza nyingine kama milioni moja, miaka ya 2007 na 2008. Baadaye kazi hiyo ikahamia Lilongwe, Malawi. Wafugaji wa kwanza kuishika kwa wingi hapa Tanzania walikuwa wa kaskazini, hasa Wamasai, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990.

Jirani zetu wa Zambia, hapo ng'ambo ya Tunduma, walikataa mchanganyiko huu. Waliogopa kuingiza aina ngeni, wakatumia mbegu zao za Katete na Chitongo. Mimi siwalaumu. Ndama aliyechanjwa anaweza kubaki na kijidudu mwilini na kupe akakisambaza. Kwa hiyo ukinunua ng'ombe mnadani na hereni yake sikioni, usimchanganye na ndama wako wasiochanjwa kana kwamba ni salama kwa wote. Tena chanjo hii haizuii ndigana baridi, na palipo na nyati wengi kinga yake inaweza kuvunjwa. Josho bado lina kazi.

Nilimjibu mzee wangu hivyo. Akanyamaza, kisha akauliza, "Na hapa inaletwaje?" Nikamweleza: kwa mtungi wa naitrojeni, ndani ya mirija myembamba kama ya kalamu ya wino. Mrija mmoja ukiyeyushwa na kuchanganywa unatoa dozi kati ya 30 na 40, na lazima zitumike ndani ya saa chache, hazirudishwi mtungini. Ndama anachomwa mililita 1 karibu na tezi ya sikio, na upande mwingine anachomwa oksitetrasaiklini ya kudumu, ile ya asilimia 30, mililita 1 kwa kila kilo 10 za uzito. Ukimpunja dawa kwa kukisia uzito, umemwambukiza tu. Mwenye ndama watatu peke yake hawezi kufunguliwa mrija.

Asubuhi ile tulikuwa tumehesabu ndama 22 zizini kwake na kwa majirani. Mzee alisimama, akamwita mjukuu wake mwenye pikipiki, akamwambia aende vitongoji vya ng'ambo ya mto kabla jua halijawa kali. Mtungi tuliuacha umefungwa. Saa nne na nusu walifika wengine 13, wakisukumwa na watoto, ndipo nikatoa mrija.