Kentucky: mashabiki wanangoja nini msimu wa 2025-2026?

Baskete ya iniversite mu Marekani inaanza tena mwezi wa kumi na moja. Huku mashariki, wengi wanajua jina la University of Kentucky kwa sababu ya Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, aliyecheza pale kutoka 2021 hadi 2023. Wengine wanalijua kwa sababu wako na ndugu mu Lexington, mji wa ekipe hiyo, ambako familia nyingi za Wakongomani waliokimbia vita zinaishi.

Shabiki wa Kentucky haulizi kama ekipe itashinda mechi nyingi. Anauliza kombe litarudi lini. Kentucky imekwisha kubeba kombe la inchi mara 8, lakini la mwisho ni la 2012. Mu 2015 ilifika nusu fainali na ushindi 38 bila kupoteza hata mechi moja, kisha Wisconsin ikaisimamisha. Tangu pale, haijafika tena. Kwa watu karibu 20 000 wanaojaza uwanja wa Rupp Arena, hiyo ni njaa ya siku nyingi.

Tena kombe lenyewe halina huruma. Mwezi wa tatu, ekipe 68 zinachaguliwa na kugawanywa mu makundi 4. Kila kundi, ekipe zinapewa namba: 1 ni yenye nguvu zaidi, 16 ni ya mwisho. Hakuna mechi ya kurudiana. Ukipoteza mara moja, unarudi nyumbani, na kwa ekipe kubwa kombe linaomba ushindi 6 mfululizo.

Ndiyo maana 2022 inauma hadi leo. Mwaka ule Tshiebwe alitajwa mchezaji bora wa baskete ya iniversite inchi nzima. Kila mechi alikuwa anaokota, kwa wastani, mipira 15 iliyokosa kikapu. Kentucky ilipewa namba 2, ikakutana kwanza na Saint Peter's, namba 15, iniversite ndogo ya New Jersey. Tshiebwe aliweka pointi 30, akaokota mipira 16. Haikutosha: 85-79 kisha muda wa nyongeza. Mu 2024 Oakland nayo ikafanya vile vile, 80-76, na antrenere John Calipari akahamia Arkansas.

Nafasi yake ilichukuliwa na Mark Pope, aliyekuwa mchezaji wa Kentucky iliyobeba kombe mu 1996. Msimu wake wa kwanza ekipe ilifika kati ya 16 za mwisho, Tennessee ikaitoa. Kwa mwanzo ilikuwa vizuri. Mwaka wa pili, matokeo yale yale hayatapigiwa makofi.

Kubashiri ni kazi ngumu, kwani ekipe inajengwa upya kila mwaka. Tangu 2024, mchezaji mwenye masomo mazuri anaweza kuhama kila mwaka bila kukaa nje msimu mzima. Na tangu mwezi wa saba 2025, iniversite zinaruhusiwa kulipa wachezaji zenyewe. (Wazazi wenye vijana warefu wajue: visa ya mwanafunzi ina mipaka yake. Mu 2022 Tshiebwe alifanya matangazo yake ya pesa ku Bahamas, sababu mu Marekani hakuruhusiwa kufanya kazi.)

Otega Oweh, aliyeongoza kwa pointi, amebaki. Jaland Lowe ametoka Pittsburgh ili aongoze mchezo, Denzel Aberdeen ametoka Florida, mabingwa wa 2025. Swali kubwa ni Jayden Quaintance, mrefu wa Arizona State, ambaye bado anaponesha goti. Bila yeye, ulinzi chini ya kikapu unabaki na pengo.

Shampiona yao, SEC, iliingiza ekipe 14 kati ya 16 ku kombe la 2025. Kupoteza mechi sita mle si aibu. Kipimo cha haki ni kufika kati ya 8 za mwisho.

Mtihani wa kwanza ni Louisville, jirani na mpinzani wa siku zote, tarehe 11 mwezi wa kumi na moja, ugenini. Huku tuko mbele ya Lexington kwa saa saba wakati huo: mechi ya saa mbili usiku kule inaangukia saa tisa ya usiku Bukavu na Goma.